Ng'ombe wa Atuganile

Tangu sheria ikataze wanawake kunyonyesha, kila mtoto hupewa ng'ombe wake siku anapozaliwa, na akifikisha miaka minne hupelekwa bandani kumjua. Leo ilikuwa zamu ya binti yangu, Atuganile.

Asubuhi nilimsuka, akalia kila nilipomgusa. Bandani yule ng'ombe alimlamba kichwa kizima kwa ulimi wake wa msasa, akafumua kazi yangu yote, na mtoto akawa anacheka tu.

Mzee Gwakisa, mkamuaji, aliosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu. "Mwimbie, mwanangu," akamwambia, "ndipo atashusha maziwa."

Akaimba. Wimbo wangu! Ule ninaomwimbia kila usiku huku kaziba masikio. Maziwa yakachuruzika ndooni. Nikasogea ili niimbe naye. Ng'ombe akanikodolea macho, na maziwa yakakatika.

"Mama, kaa nyuma ya mstari," Mzee Gwakisa akasema. "Akiona mgeni anabana maziwa."

Sikusogea. Nimebeba mimba miezi tisa, halafu mgeni niwe mimi?

Atuganile akanitazama, mkono wake ukiwa shingoni mwa ng'ombe.

"Rudi nyuma kidogo," akaninong'oneza. "Unamtisha mama."