Ukingo wa Kushoto

"Isogeze mbele kidogo, Baba Nuru! Picha inamwagika nje ya shuka!" Saumu alipaza sauti, huku akivuta pazia kuzuia jua la alasiri. Projekta ilikuwa mpya, na filamu ya kwanza isingekuwa nyingine ila ya harusi yao. Kwa miaka saba waliitazama kwenye televisheni, mpaka wakakijua kila kigelegele.

Mumewe akasogeza meza, picha ikaenea vizuri kwenye shuka. Kisha akaingia kwenye menyu, akarekebisha kingo, na pembeni wakachomoza watu ambao televisheni ilikuwa ikiwakata siku zote.

"Heee! Kumbe shangazi Mize naye alicheza!" Saumu aliruka kama mtoto. "Ongeza, ongeza!"

Baba Nuru akaongeza. Kushoto ukatokea mlango, na mlangoni mzee mwenye kanzu.

"Simamisha!"

Alikuwa baba yake Saumu. Mzee aliapa hatakanyaga harusi ile, na tangu hapo yeye na bintiye hawakuwahi kusemezana.

Saumu akasogea hadi pua ikakaribia kugusa shuka. Mzee alikuwa pekupeku, viatu amevishika mkononi.

"Labda alipita tu," Baba Nuru alisema taratibu.

"Alipita wapi! Nani anavua viatu kwenye nyumba asiyotaka kuingia? Alivua, Baba Nuru! Alivua!"

Kicheko na machozi vikamjia pamoja. "Nipe simu," akasema, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na katika mwanga wa projekta picha ya viatu vya baba yake ikamwangukia kiganjani, iking'aa.