Mguu Sawa

Sikudhani alisikia bombani kwamba mwaka juzi skauti walikwenda kambini watoto ishirini, wakarudi kumi na tisa. Hakuna aliyemjua mtoto huyo wala mama yake, lakini maneno hayo yalimganda moyoni, hayakutoka.

Leo binti yake Riziki, mwenye miaka saba, alikuwa amesimama mstarini uwanjani, akisubiri kula kiapo na kupanda lori la kwenda kambini. Mwalimu Mbaraka alipopiga filimbi ya mguu sawa, Sikudhani akavuka mstari wa chokaa.

"Mama Riziki, wazazi upande ule," mwalimu alisema. "Kwani tunampeleka vitani?"

Wazazi wengine wakacheka.

"Namfunga skafu tu, mwalimu."

"Skauti hafungwi na mama. Keshajifunga mwenyewe."

Kweli, fundo lilikuwa limekaza chini ya kidevu, la namna ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona. Akapiga magoti nyuma ya mwanawe. Mtoto ambaye jana tu alitaka kushikwa mkono kwenda chooni hakugeuka, hakupepesa hata jicho. Sikudhani akaishika ncha ya skafu iliyoning'inia mgongoni, akaanza kumnong'oneza, haraka haraka, kabla filimbi haijalia tena.

"Usinywe maji ya mto. Usile tunda usilolijua. Usichezee moto. Usitoke hemani peke yako, hata kama umebanwa. Usimfuate mtu anayekuita kwa jina langu. Usione haya kulia."