LERI 14

Bwana Ntare alishuka kwenye gari, akautazama ukuta, akarudi garini. Kiwanja hakukitazama, wala miparachichi iliyozaa, wala lile bonde ambalo Jeremiah alikuwa amelisifia kwenye simu wiki nzima.

"Ungeniambia mapema kwamba reli inapita sebuleni," alisema dirishani.

Huyo alikuwa mnunuzi wa tatu kugongwa na treni ambayo haijajengwa.

Ukutani palikuwa na msalaba mwekundu, na chini yake maandishi makubwa: LERI 14. Watu wa treni ya kasi, ile itakayomtoa mtu Kigali asubuhi na kumfikisha Isaka, Tanzania, kabla njaa haijamuuma, walikuwa wameshindwa na herufi nne. Jeremiah alifundishwa Kiswahili kilichonyooka na marehemu baba yake, dereva wa malori kutoka Tabora, kwa hiyo kosa lile lilimkera kuliko alama yenyewe. Bila shaka brashi alishikishwa kibarua wa hapo hapo Masaka, pembeni mwa Kigali. Kilima kizima hakuna anayejua r inaishia wapi na l inaanzia wapi.

"Kalibu chai, Bwana Ntare," mama yake, Daphrose, aliita kutoka mlangoni. Gari lilikuwa limeshafika kona.

Mama wa watu hakuwa na kinyongo. Miaka mitatu nyuma, Jeremiah alipoleta wazo la kuiuza nyumba, mama ahamie vyumba viwili kule Busanza, na kitakachobaki kinunue gari la kubebea watalii, mama alilia siku mbili. Alisema hatoki pale mpaka abebwe. Biashara ya watalii tayari ilikuwa na jina na kadi za kugawa, ilikosa gari tu. Mwezi ule ule alama ikatokea ukutani, na mama akabadilika kabisa.

"Mimi nitasaini, mwana wanjye," akawa anasema. "Siku yoyote. Tatizo ni hiyo treni yao. Na usiguse alama ya watu, utafungwa."

Jeremiah akamshukuru Mungu kwa kumpa mama mwelewa, akailaani treni.

Alikwenda mpaka mjini, kwenye ofisi ya wapimaji. Akoth, Mkenya aliyekuwa mezani siku hiyo, alikunjua ramani, akaikunja tena.

"Masaka? Timu yetu haijafika huko, ndugu yangu."

"Na alama iliyoko ukutani kwetu je?"

"Sisi tunapigilia vigingi. Rangi hatuna."

Jeremiah alitoka akicheka kwa uchungu. Hao ndio watakaoendesha treni kilomita mia na ushee kwa saa, na hata walichokiandika wenyewe hawakijui. Eti rangi hawana. Miaka mitatu hawajalaza chuma hata kimoja, lakini rangi haikuwahi kupauka. Kila masika ikioshwa, baada ya siku mbili tatu inang'aa upya. Kama kulikuwa na idara moja inayochapa kazi kwenye mradi ule, ni ya rangi.

Mwaka huu mvua za Aprili zilikuja na hasira. Jumatano, Jeremiah alipopita kumwona mama, alisimama mbele ya ukuta asiamini macho yake. Msalaba ulikuwa umetoweka. LERI imebaki I, nayo ungedhani ni ufa. Akapiga picha, akamtumia Bwana Ntare, na kabla hajakaa kitini jibu likaingia.

"Jumamosi saa nne, mama. Anakuja na karatasi za kusaini. Safari hii hakuna cha treni wala garimoshi."

"Vizuri," alisema mama, bila kuinua macho kutoka kwenye maharage aliyokuwa akichambua.

Alimaliza sinia zima. Ndipo akajifuta mikono, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara mbili.

"Kabla hujapanda pikipiki, nipitie kwa Usumani. Goti langu leo limegoma. Wewe mpe tu, anaujua mwandiko wangu."

Jeremiah hakuwa mtu wa kusoma vikaratasi vya chumvi. Alifika kwa Usumani, duka linalouza kila kitu kuanzia dagaa hadi misumari, akamkabidhi karatasi huku simu ikiwa sikioni.

"Ndiyo, Bwana Ntare, Jumamosi bila kukosa. Hiyo treni imeshakufa, nimeizika mwenyewe."

Usumani alivaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anavyowasomea wateja wote.

"Sukali kilo moja. Chumvi. Kibiliti."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye rafu ya juu kabla hajafika mwisho wa karatasi.

"Na langi nyekundu, kopo dogo," alisema, "kama kila mwaka."