Sehemu ya Mzee Bakora

Ubavu wa tatu ulipovunjika upande wa pili wa ukuta, Fundi Saa aliweka kikombe chini akatwaa bakora. Mwanamke alipiga ukelele. Likafuata kofi, tena kofi la mtu asiyemcha Mungu. "Leo ndiyo leo," mzee alimwambia mkewe, akatoka bila viatu.

Mlango ulifunguliwa na jirani kijana, mkononi ana karoti iliyovunjika. Nyuma yake mkewe alikuwa ameinua taulo lililolowa, tayari kulichapa juu ya mto wa ngozi. Kwenye skrini, mpiganaji mnene mwenye ndevu za pamba alisimama kwa mguu mmoja, akingoja apigwe.

"Shikamoo, baba," alisema kijana. "Tumekusumbua?"

"Marahaba. Nani anauawa humu?"

"Huyo." Kijana akaelekeza karoti kwenye skrini. "Lakini hafi upesi. Kwanza anachana ndevu."

Hivyo ndivyo Fundi Saa alivyojua kwamba jirani zake walikuwa watengeneza sauti za filamu, na kwamba filamu waliyokuwa nayo iliitwa Ngumi ya Bata: kichekesho cha shujaa aliyefunzwa na bata kupigana, akawashinda majambazi wote kwa mwendo wa kuyumbayumba. Makofi yalikuwa taulo, mifupa ilikuwa karoti, na bata, kwa upande wa sauti, alikuwa mke wa jirani mwenyewe.

Wakaangua kicheko wote watatu. "Baba," alisema yule mke akifuta machozi, "kisa chako cha bakora lazima kiingie kwenye nyongeza." Akamweleza: filamu ikiuzwa kwenye diski, mtazamaji huongezewa mikasa ya nyuma ya kamera, makosa ya waigizaji na namna kazi ilivyofanyika. Watu wa kamera wangekuja siku moja.

Fundi Saa alirudi kwake akiwa mtu mwingine. Umri wake wote aliuinamisha juu ya saa za watu. Aliyemtazama alitazama mikono yake, wala si uso. Picha pekee aliyowahi kupigwa ilikuwa ya kitambulisho, nayo ilitoka kama ya mtu aliyefiwa. Sasa wajukuu wangemwona, na wajukuu wa wajukuu. Alimsimulia kinyozi. Alimsimulia muuza nyama, na foleni nzima ya duka la dawa. Kila aliposimulia, mbavu ziliongezeka na bakora ikarefuka, hata mtaa ukalisahau jina la Fundi Saa, ukamwita Mzee Bakora.

"Mume wangu," mkewe alimtania, "hiyo filamu ikichelewa, wewe utaanza kutaga."

Siku jirani waliposafiri kwenda harusini, walimwachia ufunguo. "Mitambo yote imo ndani, baba, na filamu yenyewe imo ndani ya mitambo. Mungu akipenda, tukirudi tunaikabidhi."

"Nendeni salama. Amana kwangu ni kama saa ya mteja: silali mpaka niisikie."

Kesho yake wakafika watu wa kamera: watatu, fulana nyeusi, kamera begani.

"Wewe ndiye Mzee Bakora?" aliuliza mwongozaji, na mzee akanyoosha mgongo.

"Ndiye. Ila wenyewe wamesafiri."

"Tunajua, baba. Leo nyota ni wewe."

Sehemu yake ilikuwa imebuniwa kwa ustadi. Yeye ni jirani aliyechoshwa na kelele: anaingia kwa ghadhabu, anabeba mtambo, anashuka nao ngazi akilia kama bata, anautupa garini. Kutupa kwenyewe kulikuwa kwa igizo tu. Wasaidizi wawili wangeupokea taratibu na kuufunika blanketi. Mzee alicheka peke yake. Ni mara ngapi alikuwa ameliota jambo hilohilo!

Akabeba spika. "Safi," alisema mwongozaji, "lakini hasira haikutosha. Turudie." Spika ilikuwa imeshafunikwa, basi mzee akachukua nyingine. Mara hiyo hasira ilitosha, ila bata hakusikika. Akarudia na maikrofoni. Kisha wingu likafunika jua. Akarudia na kompyuta. Mwongozaji hakuchoka kusahihisha, macho yake yakiwa barabarani kuchunga mwanga.

Mkewe alichomoza kichwa dirishani. "Wewe! Mgongo huo!"

"Niache, mama watoto! Hii sanaa!"

Watoto wakakusanyika, kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu, mtaa mzima ukapiga makofi. Mwisho kabisa mzee alishusha mashine ya kuchanganyia sauti, nzito kama ndama, akirusha teke hewani katika kila kidato.

"Kwisha!" alisema mwongozaji, akamkumbatia. "Baba, kazi yote umeifanya wewe."

Jioni jirani wakarudi, mabegi mikononi. Mzee aliwangojea ngazini, amevaa shati jipya.

"Wenzenu wamekuja," alisema, asiweze kuzuia tabasamu. "Wamenipiga picha mpaka nimechoka."

"Wenzetu gani, baba?" aliuliza kijana.

Yule mke alikuwa ameshafungua mlango. Alimwita mumewe mara moja tu, na chumba kikamrudishia sauti yake mara tatu.