Mawe Kwenye Foleni

Mzee Bonifas, mganga wa kienyeji, aligonga sakafu kwa fimbo yake yenye kitambaa chekundu, na wanakijiji waliojaa darasani wakanyamaza. Ida akajua papo hapo kwamba mkutano umeshamponyoka.

Alikuwa ameuanza vizuri. Yeye ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, huko pande za Msowero, na serikali ilikuwa imeleta mpango wa bima ya afya kwa wote. Alieleza kwamba kaya inachangia wakati wa mavuno, kisha anayeugua anatibiwa hata kama mfuko umetoboka. Jambo hili lilimkaa moyoni. Masika yaliyopita mama yake alilala na homa wiki nzima wakihangaika kutafuta mteja wa mahindi, akaponea chupuchupu. Ida hakutaka mtu mwingine asubiri mahindi yauzwe ndipo atibiwe.

Ndipo mganga aliposimama. Hakuzitukana dawa za hospitali hata kidogo, na hilo ndilo lililofanya watu wamwamini. Alisema tu kwamba kila jambo lina upande wa pili. Ukikaa mzima mwaka mzima, mchango wako umekwenda na maji. Dirisha la dawa nalo hufunguliwa watu wameshachoka.

“Tena foleni yenyewe ya hospitali ya mjini,” akaendelea, “watu wanapanga mawe tangu alfajiri kushika nafasi. Benchi lenye mgongo ni moja tu, lile la mbele. Huko jiwe linamwona daktari kabla yako.”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Damiano, mwenyekiti wa kijiji, akaliahirisha suala la bima hadi msimu ujao.

Ida alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Mwamba ngoma huvutia kwake, alimwambia mama yake. Mzee yule anaogopa kukimbiwa na wateja.

Mama yake hakukubali. Mganga mwenye njaa ya wateja hawezi kufunga nyumba kila Alhamisi, alisema. Bonifas siku hiyo huwa milimani kuchimba dawa, na jioni hurudi na kikapu cha mizizi, juu yake mkate wa dukani. Ukimwendea na jino siku hiyo, utaumwa mpaka Ijumaa.

Ida hakusikiliza. Kichwani alikuwa anapanga maneno ya mkutano mwingine, maana kukata tamaa hakukuwa kwao.

Alhamisi iliyofuata alimpeleka mama yake kliniki ya presha mjini. Wao walikwishajiunga na bima, hivyo hawakuwa na wasiwasi. Walipanda bodaboda kabla jua halijachomoza, wakiwa na hakika kwamba watakuwa wa kwanza.

Barazani hapakuwa na mtu. Kulikuwa na mawe, kandambili moja, na kopo lililofunikwa kanga. Na mbele ya vyote, juu ya benchi lenye mgongo, ililala fimbo yenye kitambaa chekundu.

Mwenyewe alitokea kwa muuza chai, kikombe mkononi, kadi ya bima iliyochakaa ikining'inia shingoni.

“Shikamoo, babu,” Ida alisema taratibu.

“Marahaba.” Mzee aliketi, akaegemea, akapuliza chai yake. “Mganga hajigangi, mjukuu wangu. Sasa ukiwaleta wote, mimi nitakaa wapi?”