Kidonge cha Unga

Uvumi ulimganda Fruma kama kupe: binti yake yu hai, analelewa na mama mwoka mikate ng'ambo ya mto. Vita vimekwisha, na Wayahudi waliobaki mjini ni wachache mno. Fruma akatoka mbio hata kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Dukani alimkuta msichana akikanda unga. Akamega kidonge, akakitupa motoni, vilevile alivyofanya Fruma kila Ijumaa kwa desturi ya Kiyahudi.

"Nani kakufundisha?"

"Sijui, mama. Nisipofanya, naona mkate haujakamilika."

Mwoka mikate akamvuta Fruma kando upesi.

"Ni wako, dada. Ila enzi za msako nilimfunza akisikia jina lake la Kiyahudi akimbie, na hadi leo hukimbia. Kwa hiyo usipige kelele. Usimshike. Usimwite Gitla."