Picha Nzito

Kwenye intaneti kafe, Chande alitazama picha ambayo mwenyekiti aliwatumia wastaafu wote wa kiwanda katika kundi lao la barua pepe. Mwenyekiti na mkewe wameshikana mikono, wanacheka, wamejaa kioo kizima. Wivu ukamkaba.

"Yake imepita. Yangu ya marehemu mke wangu wameirudisha, eti nzito. Kundi lao, sheria zao, na wenye wake walio hai ni wao."

"Picha kubwa inawajazia watu sanduku la barua, mzee," alisema Tatu, mwenye kafe. "Niipunguze?"

"Ukimpunguza hawatamwona uso. Ndiye aliyewapikia chai miaka yote hiyo, na kwenye maziko hakuja hata mmoja."

"Basi tukate pembeni. Upande mmoja unatosha."

Katika picha ya Chande, marehemu Mwanamkuu amesimama kwenye manyunyu, na Chande ubavuni mwake amemshikia mwavuli.

"Nikate upande upi?"

Chande aliiangalia tena ile ya mwenyekiti.

"Kata wangu."

Tatu akakata, akatuma. Safari hii haikurudishwa. Kwenye kioo alibaki Mwanamkuu peke yake, anatabasamu kuelekea pembeni, na juu yake nusu ya mwavuli usioshikwa na mtu.